Friji Iliyovalishwa Koti la Sofa

Mtaani kwao walimwita Sponji. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sofa, na vipande vya sponji vilimganda nguoni, nyweleni, mpaka kwenye masikio. Ukialikwa kula kwake, usishangae kukikuta kimoja kwenye sahani yako. Mkewe alishasema mpaka akachoka, akaamua kucheka tu.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kulikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa, cherehani ya mkewe, na mbao za sofa zilizoegemezwa ukutani. Karibu na mlango palikuwa na kiti kimoja kizuri kuliko vyote. Wateja walikitaka kila siku, na kila siku waliambiwa hakiuzwi. Kilikuwa kiti cha mama mkwe.

Mama huyo alikuwa amekaa nao miaka mitatu. Asubuhi akishakunywa chai, alikaa pale na kikapu chake, akavisha vifungo vitambaa, kimoja kimoja, kwa mkono. Wako wanaume wanaoishi na mama mkwe kama mtu aliyekanyaga mwiba. Sponji hakuwa hivyo. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, na huyu alimpenda waziwazi, bila aibu. Walitaniana kutwa. Mama akimwambia kushona kwake kumepinda, naye humwambia macho ya mama ndiyo yaliyopinda. Mkewe akiwasikia alisema yeye ameolewa na watu wawili.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila siku alijichoma sindano ya insulini. Dawa hiyo haitaki joto wala haitaki kuganda. Ndiyo sababu kulikuwa na friji ndogo jikoni. Haikununuliwa kwa ajili ya soda. Ilinunuliwa kwa ajili ya chupa ndogo za mama.

Siku moja Sponji aliegemea friji ile akasikia ubavu wake una moto. Akagusa ubavu wa pili, nao ni moto. Akasimama akifikiri. Jikoni kuna joto, akasema moyoni, na ndani ya friji kuna baridi. Bila shaka joto la jikoni linapenya hapa ubavuni, ndiyo maana pamekuwa pa moto. Na nani anajua kuzuia joto kuliko mtu wa sponji? Kalia sofa yake saa moja, uone kama hutainuka umelowa jasho.

Basi akaishonea friji koti. Na tusimnyime haki yake, lilikuwa koti la maana. Sponji nene ya inchi mbili, ngozi ya bandia rangi ya zabibu, uzi mweupe pembeni, na vifungo vya mama vimepangwa kwa mistari. Lilifunika mbavu zote mbili, mgongo na kichwa. Mlango tu ndio uliobaki wazi. Majirani walikuja kuitazama. Mama alisema sasa friji imekuwa bibi harusi, bado kumpata bwana.

Msomaji, usimcheke upesi. Alifikiri, akatenda, na alitenda kwa mapenzi. Ila alikosea.

Wiki mbili baadaye mota ya friji haikupumzika tena. Ilinguruma asubuhi, mchana na jioni. Sponji akaona koti halitoshi, akaongeza sponji nyingine. Mota ikazidi kunguruma. Wakati huo huo mama alianza kuwa na kiu isiyoisha. Alikwenda msalani mara kwa mara. Asubuhi moja alijichoma kidole mara tatu kwa sindano ya kushonea, akasema haoni vizuri. Alipoinuka kitini miguu ilimkataa. Sponji alimdaka kabla hajafika chini, wakamkimbiza zahanati.

Nesi alipima sukari, akatikisa kichwa. Aliuliza kama mama anajichoma kila siku. Ndiyo. Aliuliza kama anakula vile alivyoelekezwa. Ndiyo. Akauliza dawa inawekwa wapi, Sponji akajibu kwa kujivuna kwamba iko ndani ya friji, tena friji yenye koti. Nesi hakucheka. Alimpa mke wa Sponji kipimajoto kidogo akiweke ndani ya friji mpaka jioni, kisha amletee jibu pamoja na chupa za dawa.

Jibu lilikuwa nyuzi kumi na tano.

"Dawa ya akiba hukaa kati ya nyuzi mbili na nane," nesi alisema. "Kumi na tano ni ya leo; siku za joto kali, jiko likiwaka, huenda ilipita thelathini bila sisi kuona, na kwa wiki kadhaa hivyo dawa imepoteza nguvu. Mama amekuwa akijichoma maji."

Alizitupa chupa zote. Alimpa mama chupa moja mpya ya kutumia, akaeleza kwamba ile iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki chache, mahali penye ubaridi, mbali na jua na jiko. Akiba yake ingekaa zahanati kwa sasa. Kisha akasema jambo lililowakata maini. Siku ya kliniki ilikuwa wiki ijayo. Kama mpaka siku hiyo friji haijashika nyuzi zake, ingekuwa bora mama ahamie kwa mwanawe wa kiume, ambaye ana friji nzima na anakaa jirani na hospitali. Huko ni mwendo wa siku mbili kwa basi.

Mama alisema ni sawa. Alisema mwanawe ni mtu mzuri, na wajukuu wa huko nao wanamhitaji. Alisema hayo yote akitazama dirishani. Sponji alijua kusoma mgongo wa mtu, maana anawapima watu migongo kwa ajili ya viti, na mgongo ule haukukubaliana na maneno yale.

Kesho yake alimwita mtu anayeuza mafriji yaliyotumika. Mtu yule aligonga ukuta wa friji kwa kidole, akaweka sikio, akakunja uso kama daktari. Akasema friji zina sponji ndani ya kuta zake, na ya hii imelowa maji. Kuta zimekufa. Joto linaingia kama maji kwenye chujio. Itupwe, na yeye anayo nyingine nzuri dukani. Mke wa Sponji alimuuliza amejuaje. Akajibu ni uzoefu.

Jibu hilo halikumridhisha mke. Alirudi zahanati akamuuliza nesi ni nani anayetunza friji yao ya chanjo, maana ile haijawahi kuharibika. Nesi akamtajia Mama Futi.

Alikuja kwa baiskeli, mwanamke mfupi wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba. Shingoni alining'iniza futi ya kupimia, kama fundi cherehani. Kwanza alimsalimu mama shikamoo, akamuuliza hali, akamsikiliza. Kisha akaingia jikoni. Aliliona koti. Aliugusa mshono wake kwa kidole, akasema huu ni mshono wa fundi. Zaidi ya hapo hakusema kitu, na Sponji akampenda papo hapo.

Sponji alitegemea afungue mota. Hakufungua. Alivuta stuli akakaa, akaisikiliza friji dakika kumi na saa yake mkononi. Haikupumzika hata mara moja. Sponji akamwambia yale aliyosema muuzaji, kwamba kuta zimelowa.

"Inawezekana," Mama Futi alisema. "Lakini ukuta haushtakiwi kwa kugongwa kidole. Tuupime. Nisaidie kuvua koti kwanza, mtu hapimwi na nguo zake."

Sponji alisita. Kulivua koti wakati tatizo ni joto kuingia, kwake ilikuwa sawa na kumvua mgonjwa blanketi. Lakini aliuvua mgongo, kisha mbavu, akalikunja vizuri mezani. Moyoni alipanga kulirudisha jioni, tena likiwa na sponji ya inchi tatu.

Mama Futi alichomoa waya wa umeme, akaivuta futi. Alipima kimo cha friji: mita moja na sentimita ishirini. Upana nusu mita. Kwenda nyuma nusu mita. Kisha alifungua mlango akapima unene wa ukuta, juu, kati na chini. Sponji aliona hilo. Watu wengi hupima mara moja wakaridhika. Huyu alipima mara tatu na kila mara akaandika.

"Sentimita nne," alisema. "Sasa sikilizeni, ni jambo jepesi. Watu husema baridi ya friji inatoroka. Baridi haitoroki. Joto ndilo linaloingia. Joto kazi yake ni moja, kutoka penye moto zaidi kwenda penye moto kidogo. Halichoki wala halilali. Sponji ya ukutani hailizuii kabisa, inalichelewesha tu."

Mama alikuwa ameletewa kiti jikoni, hakutaka kupitwa. Akauliza basi ni joto kiasi gani linaloingia.

"Hilo ndilo swali, mama. Na tunaweza kulikisia hapa hapa kwa kalamu."

Alieleza kwamba mambo matatu ndiyo yanayoamua. La kwanza ni ukubwa wa kuta, kwa sababu mlango mpana hupitisha wageni wengi. La pili ni tofauti ya joto kati ya nje na ndani. La tatu ni unene na ubora wa sponji. Akachora friji kwenye daftari kama sanduku lililofunuliwa. Mbele, nyuma na mbavu mbili, jumla ni mita za mraba mbili na nukta nne. Juu na chini, nusu mita. Tuseme tatu. Jikoni kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini. Ndani tunataka tano. Tofauti ni ishirini na tano.

Jambo la tatu alilijua kwa kazi yake. Sponji nzima ya friji yenye unene huu hupitisha zaidi kidogo ya nusu wati kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Aliandika nukta sita. Tatu mara ishirini na tano ni sabini na tano. Sabini na tano mara nukta sita ni arobaini na tano.

"Wati arobaini na tano," alisema. "Ni joto la balbu moja ya zamani, zile za kioo zilizokuwa zikiunguza vidole. Ndilo linaloingia kupitia kuta zote kwa pamoja, kama kuta ni nzima."

Sponji alikuwa amedhani joto linaingia kama mafuriko. Kumbe balbu moja. Mama Futi akaendelea kwamba mota ya ukubwa ule, ikiwa na afya, hubeba wati mia na zaidi kutoka ndani na kuzitupa nje. Kwa hiyo ingefaa ifanye kazi nusu saa, ipumzike nusu saa. Hii haipumziki. Basi ama kuta zinaingiza joto kuliko makisio yale, ama mota imechoka, ama joto linabebwa lakini halipati pa kutokea.

"Na kuta zikiwa zimelowa?" mke aliuliza.

"Zitaingiza mara mbili au mara tatu. Hapo yule muuzaji atakuwa amesema kweli, na mimi nitawaambia muitupe."

"Tutajuaje?"

"Tutaiuliza barafu," Mama Futi alisema.

Sponji alitumwa kununua barafu kwa wauza samaki, akarudi na mfuko umemlowesha bega. Mama Futi aliisubiri ianze kutoa maji kidogo, kisha akaivunja vipande, akavitandaza kwenye machujio mapana juu ya mabeseni, kila rafu na beseni lake. Kipimajoto akakiweka katikati. Akafunga mlango. Umeme haukurudishwa.

Akawaeleza. Barafu inayeyuka kwa sababu joto linaifikia. Friji imezimwa, mlango umefungwa, hakuna joto lingine ila lile linalopita kwenye kuta. Kila tone la maji ndani ya beseni ni ushahidi. Kilo moja ya barafu mpaka iyeyuke yote hula joto la wati tisini na tatu kwa muda wa saa moja. Nusu kilo kwa saa, basi zimeingia wati arobaini na sita. Ukiyapima maji, umelipima joto.

Lo, Sponji aliyasikia maneno hayo kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Joto, kitu kisichoshikika, mwanamke huyu analipima kwa jagi la maji. Alikuwa amefanya kazi na sponji miaka ishirini, na hakuwahi kujiuliza inazuia kiasi gani. Alijua tu inazuia.

Baada ya saa moja Mama Futi aliyamwaga maji yote, kwa haraka, akafunga tena. Mkewe alishangaa, mbona ushahidi unatupwa? Akajibiwa kwamba maji ya saa ya kwanza yana uongo ndani yake. Barafu ilikuwa ikipoza rafu na plastiki ya ndani, vitu vilivyokuwa na joto lao tangu mwanzo. Sasa zimetulia. Saa tatu zinazofuata ndizo zitakazosema kweli.

Alichungulia pia kipimajoto. Barafu peke yake haikufikisha tano, ilifikisha tisa. Akarudi kwenye daftari. Thelathini toa tisa ni ishirini na moja. Ishirini na moja mara tatu, mara nukta sita, ni wati thelathini na nane hivi. Kwa saa tatu, hiyo ni kilo moja na robo ya barafu, yaani lita moja na robo ya maji. Aliandika namba hiyo kwa tarakimu kubwa, akaizungushia duara, akampa mama daftari alishike.

"Kukisia si kubahatisha, mama. Anayekisia huandika jibu lake kabla, ili akikosea aonekane. Tukipata lita moja na robo au karibu yake, kuta ni nzima. Tukipata lita tatu, kuta zimekufa."

Saa tatu ni nyingi ukiwa unasubiri. Mkewe alirudi kwenye cherehani akashona mshono ule ule mara mbili. Mama alikaa na daftari mapajani, hakugusa vifungo. Alimuuliza Sponji kwa sauti ya chini kama lita tatu ni ndoo au ni jagi. Sponji akamwambia ni majagi matatu. Mama akasema basi ni mengi, hayawezi kufika huko. Kisha akasema kwamba kwa mwanawe hakuna karakana, na hajui atakuwa akifanya nini kutwa. Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo. Sponji alitaka kumjibu kwa utani, akaishia kumsogezea kikapu chake karibu.

Mama Futi alifungua mlango. Alikusanya maji ya mabeseni yote kwenye jagi lenye mistari, taratibu, asimwage hata tone. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kila mtu aliomba kibaba kisijae. Maji yalipita mstari wa lita moja. Yakapita robo. Mama alishika mkono wa kiti. Yalisimama chini kidogo ya lita moja na nusu.

"Kuta ni nzima," Mama Futi alisema.

Mkewe alimkumbusha kwamba yamezidi makisio. Mama Futi alifurahi kuulizwa. Alisema makisio si mizani ya dhahabu, ukipata karibu inatosha kukutenga na uongo. Lakini hata hicho kidogo kilichozidi kina mlango wake, akasema, na tuutafute. Aliweka kipande cha karatasi kwenye mpira wa mlango, akafunga, akavuta. Juu karatasi ilishikwa. Katikati ilishikwa. Kwenye pembe ya chini ilitoka yenyewe. Mpira pale ulikuwa mchafu na umejikunja, na hewa ya jikoni ilipita.

Hapo Sponji alipumua. Kuta nzima, kosa ni pembe moja ya mpira. Akalichukua koti mezani akauliza alirudishe sasa hivi au wasubiri mpira urekebishwe.

Mama Futi alimtazama. Alirudisha waya wa umeme, mota ikaanza. Wakangoja dakika kama ishirini.

"Fundi mwenzangu," alisema, "weka kiganja chako hapa ubavuni. Unasikia nini?"

"Moto. Ndiyo ule ule. Joto la jikoni linaloingia."

"Jikoni ni nyuzi thelathini." Aliegemeza kipimajoto ubavuni, akakifunika kwa kitambaa, wakasubiri kidogo. "Hapa ni arobaini na mbili. Niambie sasa, joto hutoka wapi kwenda wapi?"

Sponji alifungua mdomo. Kutoka penye moto zaidi kwenda penye moto kidogo, alisema moyoni. Ubavu una arobaini na mbili. Jikoni kuna thelathini. Jikoni haiwezi kuupa ubavu moto ambao yenyewe haina. Aliona kitu kinamgeukia kichwani, polepole, kama sofa nzito inayogeuzwa na watu wawili.

"Haliingii," alisema. "Linatoka."

"Linatoka. Friji haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Nyingine hulitupa kwa mabomba ya mgongoni, hii ina mabomba membamba yamefichwa ndani ya bati la mbavu. Hapa ndipo inapopumulia."

Sponji alilitazama koti mikononi mwake. Inchi mbili. Halafu akaongeza nyingine. Alikuwa ameiziba pua friji ya mama, na ilipohema zaidi, akaiziba zaidi. Akakumbuka mama alivyoanguka, uzito wake mikononi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akamgeukia mama akamwambia, "Mama, ni mimi. Dawa yako niliiua mimi."

Mama hakukimbilia kumfariji. Alifikiri kwanza.

"Ulinifunika blanketi, mwanangu," alisema. "Hukujua kama nina homa."

Miaka mitatu mama alikuwa akimwita mkwe wangu. Sponji akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Mama Futi naye hakumwacha hivyo. Alisema wazo la Sponji halikuwa la kijinga, kwa kuwa sponji huzuia joto kweli, na ndiyo iliyomo ukutani. Kosa lilikuwa kutouliza joto linaelekea upande gani kabla ya kulizibia njia. Alisema yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuitenga friji nzuri kama mbovu, kumbe ilikuwa imesogezwa tu ukutani ikakosa hewa. Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kuvaa futi shingoni.

Kazi iliyobaki waliifanya wenyewe. Sponji alisafisha mpira wa mlango kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaulainisha kwa kitambaa cha moto, akaunyoosha mpaka pembe ikakaa. Mikono ya mtu aliyezoea kunyoosha ngozi ya sofa haikuhitaji kufundishwa hilo, na Mama Futi alimwambia wazi kwamba yeye asingeweza kuufanya vizuri vile. Walivuta friji mbali na jiko. Waliacha nafasi ya kiganja kila upande. Dawa ingekaa rafu ya katikati, si mlangoni ambako joto huingia kila ukifungua, wala karibu na sehemu ya kugandisha, maana insulini iliyoganda nayo imekufa. Kipimajoto kikae humo humo, kisomwe asubuhi na jioni, na namba iandikwe.

Alipoondoka, Sponji alimsindikiza mpaka barabarani akisukuma baiskeli yake. Alirudi akisema hajawahi kuona mtu anayejua vile asiyejisifu. Mkewe alimwambia alijisifu, ila kwa jagi.

Kufikia kesho yake asubuhi kipimajoto kilisoma sita. Jioni tano. Mota ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma, ikanyamaza. Mama alikuwa akiihesabia muda kwa saa ya ukutani. Siku ya tatu alitangaza kwamba friji inafanya kazi dakika ishirini na tano na kupumzika thelathini, kwa hiyo ni mvivu kuliko mkwewe. Utani ulikuwa umerudi nyumbani.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu. Nesi alipima sukari ya mama, akapima tena, akaandika. Ilikuwa imeshuka vizuri. Kisha akaomba namba za friji. Mama mwenyewe ndiye aliyetoa karatasi. Sita, tano, tano, tano, nne, tano. Alikuwa ameziandika yeye, kwa macho yale yaliyoanza kuona tena, na hakuruka hata asubuhi moja.

Nesi aliuliza walifanya nini. Mama akaanza kueleza, na wagonjwa wengine kwenye mabenchi wakageuka kusikiliza. Alieleza barafu, mabeseni na lita moja na robo. Alieleza kwamba baridi haitoroki, joto ndilo linaloingia. Mzee mmoja aliuliza je, kuweka kitambaa cha maua juu ya friji na kuisukuma ukutani isichukue nafasi ni vibaya. Mama alimwambia akifika nyumbani aguse mbavu na mgongo wake, na popote penye moto asipafunike, apaachie hewa. Wanawake wawili walitazamana, mmoja akasema yake ina tandiko mpaka chini.

Nesi alitoa chupa za miezi miwili kutoka kwenye friji ya zahanati, akazipanga kwenye kikasha cha kubebea. Kalamu mkononi, aliuliza aandike dawa hii inakwenda kuhifadhiwa wapi, kwa mtoto wa kiume au wapi.

Sponji alitaka kujibu. Mama alishainuka, kikasha kakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Andika nyumbani," alisema. "Haya, wanangu, twendeni. Jua linapanda na dawa haipendi."